Fedha za Kura na Sanduku la Hazina: Historia ya Sheria za Kamari nchini Kenya, 1966–2025

Utangulizi

Injili ya Mathayo inasimulia kwamba Yuda alipozirudisha zile fedha thelathini na kuzitupa hekaluni, wakuu wa makuhani walikabiliwa na swali la kihazina (Mt 27:3-10). Fedha hizo walikuwa wamezitoa wao wenyewe bila kusita. Ziliporudi mikononi mwao, walikiri kwamba haikuwa halali kuziweka katika sanduku la hekalu, kwa sababu zilikuwa zimenunua damu ya mtu. Makuhani hao hawana cha kusifiwa katika habari za mateso ya Bwana. Lakini hata wao, katika giza lao, walijua kwamba mwenye hazina hana budi kuuliza fedha zimetoka wapi kabla ya kuzipokea.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi swali hilo lilivyoulizwa, na jinsi lilivyoachwa kuulizwa, katika historia ya sheria za kamari nchini Kenya tangu mwaka 1966 hata mwaka 2025. Kenya imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, katika Afrika Mashariki ndiko kamari ya mtandaoni ilikokua kwa kasi kubwa na kuleta mabishano makali Bungeni. Pili, sheria zake za kodi zimebadilika mara nyingi ndani ya miaka michache, kiasi kwamba mtu anayezisoma kwa mfululizo anaona wazi nia iliyokuwa ndani yake. Hoja yetu ni hii: sheria inayoizuia kamari na sheria inayochuma kutokana na kamari ni sheria mbili tofauti, hata zinapoandikwa katika kitabu kimoja, na Kanisa lina wajibu wa kuwasaidia watawala na waumini kuzitofautisha.

Urithi wa sheria ya mwaka 1966

Kenya huru ilirithi mawazo ya kisheria ya Uingereza, na historia ya Uingereza katika jambo hili inafundisha. Mwaka 1694 Serikali ya Uingereza ilianzisha bahati nasibu ya taifa ili kugharimia vita dhidi ya Ufaransa. Mwaka 1808 kamati ya Bunge ilichunguza bahati nasibu hizo na kueleza madhara yake kwa maskini: madeni, wizi, na nyumba zilizovunjika. Hata hivyo, bahati nasibu ya mwisho ilichezeshwa mwaka 1826, yaani miaka 18 baada ya ukweli kujulikana. Hazina iliyokwisha kuzoea chanzo cha mapato haikuweza kukiacha kwa siku moja. Mwaka 1994 Uingereza ikaanzisha tena bahati nasibu ya taifa.

Katika kipindi kilichofuata mwaka 1826, sheria za Uingereza zilielekea zaidi kukataza, hadi Sheria ya Kamari ya mwaka 1960 iliporuhusu maduka ya kuwekea dau. Roho ya sheria hiyo ilikuwa kwamba kamari ni udhaifu wa binadamu usioweza kung'olewa. Basi heri kuiweka mahali pa wazi, chini ya leseni, isitawaliwe na wahalifu. Miaka sita baadaye Bunge la Kenya lilitunga Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 1966, iliyowekwa kuwa Sura ya 131 ya Sheria za Kenya, na kuunda bodi ya kudhibiti na kutoa leseni.

Sheria hiyo ilitazama ulimwengu wa vitu vinavyoshikika. Ilizungumzia majengo, meza za kuchezea, tiketi, na watu wanaopokea dau mkononi. Mchezaji alipaswa kwenda mahali fulani. Na ili afike huko, alihitaji nauli, muda, na ujasiri wa kuonekana na majirani. Sheria iliruhusu pia bahati nasibu ndogo zinazoambatana na minada ya hisani, maonyesho na karamu. Msomaji aliye mchungaji atatambua kwamba katika kifungu hicho ndimo zilimoingia tiketi za bahati nasibu zilizouzwa katika sherehe za shule na za sharika. Jambo hili tutalirudia.

Kwa ujumla wake, sheria ya mwaka 1966 ilikuwa sheria ya kuzuia. Iliweka ua kuzunguka kitu ambacho haikukipenda. Mapato ya Serikali yalikuwapo, lakini hayakuwa kiini chake.

Simu ya mkononi na kuanguka kwa ua

Ua huo haukubomolewa na Bunge. Ulirukwa. Mwaka 1994 nchi ndogo ya Antigua na Barbuda, katika bahari ya Karibi, ilipitisha sheria iliyofungua njia ya leseni kwa kampuni zinazochezesha kamari kwa njia ya intaneti. Uingereza ilitunga Sheria ya Kamari ya mwaka 2005, iliyotambua waziwazi kamari inayochezwa kutoka mbali. Wakati huo Kenya ilikuwa bado na sheria yake ya mwaka 1966, ambayo haikuweza kuwa na neno lolote kuhusu intaneti.

Mwezi Machi 2007 huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya. Kwa mamilioni ya watu ilikuwa neema: mzazi kijijini alipokea fedha kutoka kwa mwanawe mjini ndani ya dakika moja. Lakini njia inayopitisha karo ya shule hupitisha pia dau. Mwaka 2014 kampuni ya SportPesa ilianza kazi nchini humo, na nyingine nyingi zikafuata. Zilipewa leseni chini ya sheria ile ile ya zamani. Kijana aliye na simu na shilingi chache aliweza sasa kubashiri matokeo ya mechi za Uingereza akiwa kitandani, shambani, darasani, au katika benchi la kanisa.

Hapa inafaa kueleza jinsi biashara hii inavyofanya kazi, maana wengi huihukumu bila kuielewa. Kampuni hupanga viwango vya malipo kwa hesabu inayohakikisha kwamba jumla ya fedha zitakazolipwa kwa washindi, kwa muda mrefu, ni ndogo kuliko jumla ya madau. Tofauti hiyo ndiyo pato la kampuni. Hakuna shamba lililolimwa wala kitu kilichotengenezwa. Pato lote ni jumla ya hasara za wachezaji. Mshindi mmoja mmoja yupo, na picha yake hutangazwa sana. Lakini umati wa wachezaji, ukihesabiwa pamoja, hauwezi kushinda kamwe. Vijana wenyewe wamelipatia jambo hili msamiati wao: orodha ya mechi alizobashiri kijana huitwa mkeka, na mechi moja ikienda kinyume husema mkeka umechanika. Mkeka ni mahali pa kulalia. Wengi wamelala chini.

Asilimia zinazopanda na kushuka

Kuanzia mwaka 2017 historia hii inahamia katika Sheria za Fedha, na huko ndiko nia ya Serikali inakoonekana. Wakati huo kodi ya kamari ya kubashiri ilikuwa asilimia 7.5 ya pato la kampuni baada ya kuwalipa washindi. Katika bajeti ya mwaka 2017 Waziri wa Fedha, Henry Rotich, alipendekeza kodi ya asilimia 50 kwa aina zote za kamari, akitaja madhara yake kwa vijana. Bunge lilikataa. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuutia sahihi muswada huo na kuurudisha kwa Bunge, na hatimaye kiwango cha asilimia 35 kikakubaliwa kuanza tarehe 1 Januari 2018. Mwezi huo huo SportPesa ilisitisha udhamini wake kwa michezo ya nchini, na vilabu vya mpira vikabaki mikono mitupu. Ndipo ilipodhihirika jinsi michezo ya taifa ilivyokuwa imeegemea fedha za kamari ndani ya miaka michache tu.

Asilimia 35 haikudumu muda mrefu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 iliirudisha kodi hiyo hadi asilimia 15, na kuweka kodi ya zuio ya asilimia 20 juu ya ushindi wa mchezaji. Katika mwaka huo huo Serikali iliunda Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, uliotegemea kodi za kamari.

Mwaka 2019 Serikali ilibadili sauti. Chini ya Waziri wa Mambo ya Ndani, Fred Matiang'i, kampuni 27 zilinyimwa leseni mpya mwezi Julai, na njia zao za malipo kwa simu zikaamriwa zifungwe. Pamoja na hayo, Bunge liliweka ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau. Mwishoni mwa Septemba 2019 SportPesa na Betin zilitangaza kuacha kazi nchini humo. Mtu angeweza kudhani kwamba vita vimekwisha. Lakini Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 iliufuta ushuru huo wote. Sheria ya mwaka 2021 ikaurudisha kwa asilimia 7.5. Mwaka 2023 ukapanda hadi asilimia 12.5, mwezi Desemba 2024 ukafika asilimia 15. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ikaubadili kuwa asilimia 5 ya fedha ambazo mchezaji anaziingiza katika akaunti yake ya kuchezea, na kuweka kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya fedha anazozitoa. Hatimaye, mwezi Agosti 2025, Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya mwaka 2025. Sheria ya mwaka 1966 ikafutwa baada ya miaka 59, na mamlaka mpya ikaundwa ambayo kamari ya mtandaoni imetajwa waziwazi kuwa chini yake.

Msomaji asichoshwe na tarakimu hizi, maana ndani yake mna fundisho. Kodi ya pato la kampuni hugusa mfuko wa kampuni. Ushuru wa dau hugusa mfuko wa mchezaji: kwa kiwango cha mwaka 2023, kila shilingi 100 zilizowekwa zilidaiwa shilingi 12.50 na Serikali kabla mpira haujaanza kuchezwa, awe atashinda au atashindwa. Tukitazama mwendo wa miaka hiyo, tunaona kwamba mzigo ulipowalemea wenye kampuni, ulipunguzwa upesi; na ulipohamishiwa kwa wachezaji, ulipata kudumu. Aliyesemwa kwamba analindwa ndiye aliyelipishwa gharama za ulinzi.

Jambo la pili ni kwamba swali lenyewe lilibadilika. Mwaka 1966 Bunge liliuliza: ni kamari ipi iruhusiwe, wapi, na kwa nani? Kuanzia mwaka 2017 mjadala ulikuwa juu ya asilimia. Waliotaka kiwango cha juu na waliotaka kiwango cha chini walibishana kwa bidii, lakini wote walikuwa wamekubaliana bila kutamka kwamba Serikali ina fungu lake katika dau la maskini.

Sheria inayozuia na sheria inayochuma

Sisi Walutheri tunafundishwa kuiheshimu mamlaka ya dunia. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika Ibara ya 16, linakiri kwamba utaratibu halali wa kiserikali ni kazi njema ya Mungu. Paulo anaagiza kodi ilipwe kwa anayestahili kodi (Rum 13:6-7). Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Serikali inapoweka leseni juu ya kamari inatenda dhambi kwa kufanya hivyo tu. Wanaotetea sheria hizi wana hoja yenye uzito: intaneti haina mpaka, na nchi inayokataza tu huwaacha raia wake mikononi mwa kampuni za mbali zisizojali umri wa mchezaji wala kulipa washindi. Kazi ya sheria katika matumizi yake ya kwanza, kama mababa zetu walivyofundisha, ni kuuwekea uovu mpaka katika ulimwengu ambao haujakombolewa wote. Sheria inayomzuia mtoto wa miaka kumi na mitano asicheze, inayopunguza matangazo, inayoilazimisha kampuni kumfungia nje mtu anayeomba afungiwe, hiyo ni sheria ya kuzuia, na tuishukuru.

Lakini Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1523 kuhusu mamlaka ya dunia, aliandika pia juu ya mipaka ya mamlaka hiyo na wajibu wa mtawala wa kutumia cheo chake kwa faida ya wale walio chini yake. Mtawala ni mtumishi wa jirani. Hapa ndipo tunapopata kipimo kilicho rahisi kwa mtu yeyote: Je, wananchi wote wangeacha kucheza kamari kesho asubuhi, Hazina ingefurahi au ingelia? Sheria ya kuzuia ingefurahi, kwa kuwa imetimiza kusudi lake. Sheria ya kuchuma ingelia, kwa kuwa imepoteza shamba lake. Serikali iliyoweka mapato ya kamari katika makadirio yake ya mwaka haiwezi kutamani kwa moyo mmoja kwamba raia wake wapone.

Itajibiwa kwamba fedha hizo hutumika kwa mambo mema: viwanja, wasanii, hospitali. Hapa turudi kwa wale wakuu wa makuhani. Walipokataa kuziweka fedha zile katika sanduku, walizitumia kwa tendo la huruma. Walinunua shamba la mfinyanzi ili wageni wasio na kwao wapate mahali pa kuzikwa. Ni huduma njema kwa kila kipimo. Hata hivyo, Mathayo anasema shamba lile liliitwa Shamba la Damu. Matumizi mema hayakuweza kubadili jina la fedha.

Wengine husema kwamba mchezaji ameridhia mwenyewe, basi wizi uko wapi? Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, Luther anaipanua Amri ya Saba mpaka iguse kila njia ya kujipatia faida kwa hasara ya jirani, hata sokoni na kwa mikataba inayoonekana ya haki. Ridhaa ya mtu aliyekata tamaa ni ridhaa nyembamba sana. Wala tusichanganye jambo hili na kura za Maandiko. Israeli waligawana nchi kwa kura (Hes 26:55), na mitume walimpata Mathiya kwa kura (Mdo 1:26). Katika hizo watu walimwachia Mungu uamuzi, na hakuna aliyefilisika ili mwingine atajirike. Kura inayofanana na kamari ni ile iliyopigwa chini ya msalaba, ambapo askari walinufaika na vazi la Mtu aliyevuliwa (Yn 19:23-24). Nabii Isaya, naye, anawakemea wale waliomwacha Bwana wakamwandalia Bahati karamu (Isa 65:11). Kwa nabii, Bahati ni jina la mungu wa uongo, na meza yake ina gharama.

Swali kwa Kanisa

Wasomaji walioko Tanzania wasidhani kwamba habari hii ni ya jirani peke yake. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania ilitungwa mwaka 2003 na kuunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Na mwaka 2017 kazi ya kukusanya kodi za michezo hiyo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Njia ni ile ile, ingawa mwendo ni tofauti.

Kabla ya kuinyoshea Serikali kidole, Kanisa lijichunguze katika mambo matatu. La kwanza ni sanduku letu wenyewe. Usharika unaouza tiketi za bahati nasibu ili kumalizia paa unawafundisha watoto wa Jumapili kwamba kupata bila kufanya kazi ni jambo la baraka, mradi faida iende mahali pema. Hiyo ndiyo hoja ile ile ya Hazina. Vivyo hivyo, vikao vyetu vya dayosisi na sharika vinapaswa kuamua mapema, kabla bahasha haijafika, kama vitapokea michango na udhamini wa kampuni za kamari.

La pili ni mimbari. Mhubiri anayemwahidi mshiriki kwamba akitoa elfu kumi leo atapokea milioni kesho anauza mkeka kwa jina la Yesu. Kijana aliyezoezwa kanisani kumtazamia Mungu kama mchezesha bahati hatashangazwa na tangazo la simuni siku ya Jumatatu. Injili ya neema inatangaza zawadi isiyonunuliwa kwa dau, iliyolipiwa na Mmoja kwa ajili ya wote.

La tatu ni uchungaji. Mlevi hunuka pombe, na jirani humjua. Mcheza kamari wa mtandaoni hana harufu. Mkewe hujua siku karo inapokosekana, na mchungaji hujua siku ya madeni, au siku ya mazishi. Kwa hiyo mafundisho ya kipaimara na ya ndoa yaitaje kamari kwa jina lake. Maungamo ya faragha, ambayo Walutheri hatukuyafuta ingawa tumeyasahau, yarudishwe kuwa mahali ambapo mtu anaweza kuweka simu mezani na kusema kiasi alichopoteza bila kuchekwa. Baada ya ondoleo la dhambi aendelee kusaidiwa: nani atashika fedha zake kwa muda, madeni yatalipwaje, na nani atampigia jioni ya mechi.

Hitimisho

Historia ya Kenya tangu mwaka 1966 hata 2025 haituonyeshi watu waovu waliokusudia kuwaangamiza vijana. Wengi wa watunga sheria walisema maneno ya kweli kuhusu madhara ya kamari. Inatuonyesha jambo la hatari zaidi: jinsi nia njema inavyolegea polepole pindi inapoanza kulipwa. Mwaka 1808 wabunge wa Uingereza walijua, nao wakangoja hadi 1826.

Basi, Bajeti inaposomwa kila mwezi Juni, wachungaji na wanafunzi wa theolojia waisome. Waulize asilimia hii inatoka mfuko wa nani, na kama imewekwa ili mtu aache au ili aendelee. Wakipata nafasi ya kukutana na mbunge wa jimbo lao, wampelekee swali hilo kwa heshima na bila woga. Naye mshiriki aliyepoteza ada ya mwanawe usiku wa jana asikute mlango wa nyumba ya mchungaji umefungwa.